Kalemie ina lithiamu na umeme wa maji, mbona boti zake bado zinanunua petroli?

Kalemie. Jua linapoelekea kuzama nyuma ya vilima vya Kalemie, wavuvi wa ndakala huanza kupakia vitu vyao ufukweni: nyavu, taa, chakula cha usiku na madumu ya esansi, kama petroli inavyoitwa upande huu wa Ziwa Tanganyika. Taa zenyewe zimeshabadilika. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zenye kelele, moshi na utambi wa kubadilisha kila mara. Leo katika kambi nyingi za ziwa hili utakuta taa za LED zinazowashwa kwa betri.

Mashine inayosukuma boti haijabadilika. Bado inakunywa petroli, na safari inaanza pale dumu linapopatikana.

Hivyo ndani ya boti moja kuna nishati za nyakati mbili. Mwanga umeachana na mafuta, mwendo bado. Swali linalojadiliwa kwenye mikutano mikubwa ya tabianchi duniani, kwamba vyombo vya usafiri vinaweza kweli kuacha mafuta ya visukuku, hapa Kalemie linaweza kuulizwa kwa lugha nyepesi zaidi: ikiwa taa imeweza, mashine inashindwa na nini?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika mji huu. Kalemie ni makao makuu ya jimbo la Tanganyika, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ndani ya jimbo hilohilo, katika eneo la Manono, kuna moja ya hazina kubwa zaidi za lithiamu ngumu ya mwambani zinazojulikana duniani. Lithiamu ndiyo madini yanayotengeneza betri za magari na boti za umeme. Wakati huohuo petroli na dizeli inayotumika Kalemie hutoka mbali: sehemu yake hushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, ikasafirishwa hadi Kigoma, kisha ikavushwa ziwani. Kila hatua ya safari hiyo huongeza gharama kabla dumu halijafika kwa mvuvi.

Jibu fupi, ukipiga hesabu za nguvu, uzito na umbali, ni kwamba boti za safari fupi zinaweza kuacha petroli kwa teknolojia iliyopo leo. Meli na boti kubwa za mizigo za safari ndefu haziwezi, angalau kwa sasa. Na hata kwa zile zinazoweza, kikwazo kikubwa hakimo ndani ya mashine. Kiko nchi kavu, kwenye umeme wa kuchaji na kwenye namna ya kulipia betri.

Ziwa linalolipa deni la wengine

Wavuvi wa Kalemie hawahusiki sana na moshi unaopasha dunia joto, lakini ziwa lao ni miongoni mwa yaliyoonyesha athari zake mapema. Mwaka 2003, utafiti uliochapishwa katika jarida la kisayansi la Nature ulieleza kuwa maji ya juu ya Ziwa Tanganyika yamepata joto. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, na hayachanganyiki kwa urahisi na maji baridi ya chini yenye virutubisho. Mimea midogo inayoelea, ambayo ndiyo chakula cha mwanzo cha ziwa, hupungua. Watafiti hao walikadiria kuwa uzalishaji huo ulikuwa umeshuka kwa karibu asilimia 20, na kwamba mavuno ya samaki yangeweza kushuka kwa karibu asilimia 30.

Uvuvi wa kupita kiasi nao umechangia. Ndiyo maana nchi nne zinazopakana na ziwa, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilikubaliana juu ya utaratibu wa kupumzisha uvuvi kwa miezi mitatu. Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024.

Mwaka huohuo wa 2024 ziwa lilipanda na maji yakaingia katika makazi ya watu Kalemie, Uvira na Bujumbura. Kwa hiyo anayezungumzia nishati safi katika mji huu anazungumza na watu ambao tayari wamebadilishiwa ziwa lao.

Mwendo umeshabadilika mara nyingi

Wapo wanaoona boti ya umeme kama ndoto ya Ulaya. Lakini historia ya Kalemie yenyewe inaonyesha kuwa nguvu ya kusukuma vyombo ziwani imebadilika mara kadhaa ndani ya karne moja na ushee.

Kabla ya wakoloni, biashara kati ya Ujiji na pwani hii ya magharibi ilikwenda kwa makasia na matanga. Kisha ikaja mvuke. Meli ya Kijerumani Graf von Goetzen ilijengwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa katika makasha yapatayo 5,000 na kuletwa hadi Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi ilikwenda kwa mvuke. Katika miaka ya 1970 ilitolewa mtambo wa mvuke na kufungwa injini za dizeli.

Petroli ilifika Kalemie kwa vita. Mwishoni mwa mwaka 1915 Waingereza walishusha majini, karibu na mdomo wa mto Lukuga, boti mbili ndogo zilizoitwa Mimi na Toutou. Zilikuwa zimetoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, zikapanda treni, zikavutwa milimani kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe, zikateremka mto Lualaba, kisha zikapanda treni ya mwisho kutoka Kabalo. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo za petroli ziliiteka Kingani, meli ndogo ya Kijerumani iliyokwenda kwa mvuke na isiyoweza kushindana nazo kwa kasi.

Reli hiyo ya Kabalo, yenye urefu wa kilomita 273, ilikuwa imefika ziwani mwaka huohuo wa 1915. Nayo ilianza na mvuke, na baadaye makaa ya mawe yakachimbwa jirani tu na mji, katika bonde la Lukuga. Makaa yalipopoteza nafasi yake, dizeli ikachukua njia.

Kuna jambo moja linalofanana katika mabadiliko haya yote. Nishati mpya haikuenea kwa sababu injini yake ilikuwa nzuri tu. Ilienea pale ilipopatikana kila siku mahali chombo kinapotia nanga: kuni zikiwa zimepangwa gatini, makaa yakiwa karibu na reli, mapipa ya dizeli yakiwa yamevushwa kutoka Kigoma. Umeme nao utapimwa kwa kipimo hicho.

Hesabu ya dumu na betri

Chukua mfano wa boti ya uvuvi yenye mashine ya kupachika ya nguvu za farasi 15. Nguvu hiyo ni sawa na kilowati 11 hivi. Tuseme inatembea saa moja kwenda sehemu ya kuvulia na saa moja kurudi, mashine ikiwa imefunguliwa yote. Pangaboi litahitaji jumla ya uniti 22 za nishati, yaani kilowati-saa 22.

Lita moja ya petroli ina takriban uniti tisa za nishati. Lakini mashine ndogo ya petroli hugeuza sehemu ndogo tu kuwa mwendo, kama asilimia 20. Nyingine hupotea kama joto na moshi. Kwa hiyo kila lita inatoa chini kidogo ya uniti mbili za kazi, na usiku mmoja unakula lita 12 hivi.

Mota ya umeme haipotezi kiasi hicho. Hugeuza karibu asilimia 90 ya umeme kuwa mwendo. Kazi ileile inahitaji betri ya uniti 25. Betri za lithiamu za leo, pamoja na kasha lake, hubeba kama uniti 15 kwa kila kilo 100. Betri hiyo itakuwa na uzito wa kilo 170 hivi. Ni mzito kuliko madumu, lakini ni uzito wa watu wawili au watatu, na boti ya uvuvi inaubeba. Mwendo ukipunguzwa kidogo, hata betri inaweza kupungua.

Uvuvi wa ndakala una faida nyingine ambayo wahandisi wa Ulaya wangeitamani. Kazi hufanyika usiku na boti hulala ufukweni mchana. Maana yake ni kwamba jua linawaka saa zilezile ambazo betri iko nchi kavu. Katika ukanda huu, mita moja ya mraba ya paneli ya sola hutoa takriban uniti moja kwa siku yenye jua la kawaida. Betri ya uniti 25 inahitaji paneli za mita za mraba kati ya 25 na 30, eneo la paa la nyumba ndogo.

Kwa boti inayokwenda ziwani usiku 20 kwa mwezi, lita 12 kwa usiku ni lita 240. Kwa miezi tisa ya uvuvi ni zaidi ya lita 2,100. Mmiliki yeyote wa boti anaweza kuzidisha kiasi hicho kwa bei ya lita ya leo na kuona ni fedha gani zinazotoka mfukoni mwake kila mwaka.

Safari ndefu ni jambo jingine

Hesabu hiyohiyo inageuka pale chombo kinapokuwa kikubwa na njia inapokuwa ndefu. Kutoka Kalemie hadi Kigoma ni karibu kilomita 130 kwa mstari ulionyooka. Kwenda Moba, kusini, ni karibu 140. Kwenda Uvira, kaskazini, ni zaidi ya 280. Boti za mbao zinazobeba abiria, mahindi, saruji na samaki wakavu kwenye njia hizo husafiri saa nyingi bila kituo cha maana katikati.

Pipa moja la dizeli la lita 200 lina uzito wa kilo 170 hivi. Injini ya dizeli hutoa humo kama uniti 700 za kazi. Kupata kazi hiyo kwa betri za lithiamu za leo kunahitaji betri yenye uzito wa tani tano. Tena pipa huwa jepesi kadiri safari inavyoendelea, wakati betri hubaki na uzito uleule hadi mwisho. Boti inayohitaji mapipa matatu kwa safari moja ingebeba tani 15 za betri, na kuacha nchi kavu tani 15 za mizigo inayolipa nauli.

Hapo pia kuna suala la usalama. Desemba 2014, meli Mutambala iliyotoka Kalemie kuelekea Uvira ilizama na zaidi ya watu 100 walikufa. Katika ziwa ambalo vyombo hujazwa kupita kiasi, kuongeza uzito bila kupunguza mzigo ni hatari. Vilevile betri iliyoisha katikati ya ziwa lenye kina cha hadi mita 1,470 haiwezi kujazwa kwa dumu la kuazima kutoka boti ya jirani.

Dunia nzima inakutana na ukuta huohuo. Feri ya kwanza kubwa ya magari inayotumia betri tupu, Ampere ya Norway, ilianza kazi mwaka 2015, lakini kwenye mvuko wa kilomita zisizofika sita, dakika 20 tu. Mwaka 2025 kampuni ya Incat ya Australia ilishusha majini feri ya mita 130 iitwayo China Zorrilla, iliyotengenezwa kwa ajili ya mvuko kati ya Argentina na Uruguay. Betri zake ni uniti 40,000 na uzito wake unazidi tani 250. Huo ndio mpaka wa sasa wa teknolojia, na ni kwa nchi zenye gridi imara pande zote mbili za maji.

Kwa meli za baharini zinazovuka bahari kuu, kampuni zinajaribu methanoli, amonia na hidrojeni. Lakini hidrojeni ya kimiminika hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri, na amonia ni sumu ikivuja. Kwa bandari ya Kalemie hayo si mambo ya muongo huu.

Hilo halimaanishi boti kubwa zikae vilevile. Kwa chombo kinachokata maji taratibu, nguvu inayohitajika huongezeka haraka sana kadiri kasi inavyopanda. Ukipunguza kasi kwa asilimia 20, nguvu inayohitajika hushuka karibu nusu, na mafuta ya safari nzima hupungua kwa zaidi ya theluthi, ingawa safari inachukua muda mrefu zaidi. Tanga nalo halijafa. Kati ya Mei na Septemba upepo wa kusi huvuma ziwani kutoka kusini, na chombo kinachotoka Moba kwenda Kalemie au Kalemie kwenda Uvira huwa nao mgongoni. Kwa boti hizi, kupunguza mafuta ni hatua inayowezekana leo, kuyaacha kabisa bado.

Umeme uko wapi?

Kiasi cha kilomita 120 kaskazini mwa Kalemie kuna kituo cha umeme wa maji cha Bendera, kwenye mto Kyimbi, chenye mitambo ya takriban megawati 17. Kilijengwa enzi za Wabelgiji na ndicho kinacholisha Kalemie kupitia shirika la umeme la taifa, SNEL. Thamani yake ilionekana hata vitani. Juni 1965, Che Guevara, aliyekuwa amevuka ziwa kutoka Kigoma kuungana na waasi wa Kongo, alikuwa na wapiganaji wake miongoni mwa walioshambulia ngome iliyolinda kituo hicho. Shambulio lilishindwa.

Megawati 17 ni chache kwa mji unaokua, viwanda na nyumba vikiwa vinagombea umeme uleule. Katika Kongo nzima, ni takriban mtu mmoja kati ya watano anayepata umeme. Lakini kwa boti za uvuvi mahitaji si makubwa kama yanavyodhaniwa. Megawati moja tu, ikitengwa kwa saa 10, ni uniti 10,000, na hizo zinajaza betri 400 za ukubwa uliotajwa.

Tatizo ni uhakika. Mvuvi akikuta betri haijajaa saa 11 jioni amepoteza usiku mzima. Na kuchaji kwa jenereta ya dizeli si suluhisho, kwa sababu moshi unahama tu kutoka ziwani kwenda ufukweni, na gharama ya mafuta inabaki palepale.

Norway ilikutana na shida inayofanana. Gridi ya vijiji viwili ambako Ampere hutia nanga ilikuwa dhaifu kuweza kuichaji feri kwa dakika chache. Walichofanya ni kuweka betri kubwa kwenye gati za pande zote mbili. Betri hizo hujaa polepole kutoka gridi, kisha huimwagia feri umeme inapofika. Kwa Kalemie mpangilio kama huo ungekuwa wa paneli za sola na betri za akiba ufukweni, huku umeme wa Bendera ukisaidia unapokuwepo. Mafuriko ya 2024 yanaongeza sharti moja: kituo kijengwe juu ya kiwango ambacho maji yalifikia, hata kama ni mwendo mrefu zaidi kubeba betri.

Kongo haijaanza leo kusukuma vyombo kwa maji ya mito yake. Tangu mwaka 1952 treni za umeme zimekuwa zikitembea Katanga, zikianzia njia ya Tenke na Likasi, kwa umeme wa mabwawa. Njia ya Kabalo hadi Kalemie, iliyo chini ya shirika lilelile la reli, SNCC, haikuwahi kufungwa nyaya hizo. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilianza treni ya umeme ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ikafika Dodoma, na mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma ulisainiwa mwaka 2022. Reli hiyo ikikamilika, mzigo wa Kalemie unaweza kutoka baharini hadi Kigoma bila kuchoma dizeli njiani, kisha ukabaki na kipande kimoja cha mafuta: ziwa.

Nani atalipia betri?

Mwaka 2010, betri za lithiamu ziliuzwa kwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila uniti. Mwaka 2024 wastani wa dunia, kwa hesabu za BloombergNEF, ulikuwa dola 115. Betri ya uniti 25 kwa bei hiyo ya kiwandani ni karibu dola 2,900, kabla ya usafiri, ushuru, kasha lisilopitisha maji na mota yenyewe. Betri za boti kwa kawaida ni ghali kuliko wastani huo.

Petroli ni ghali kwa mwaka, lakini hununuliwa dumu kwa dumu. Betri ni rahisi kwa miaka, lakini fedha yake inatakiwa siku ya kwanza. Mvuvi mwenye fedha ya dumu moja anaingia ziwani usiku huu. Mwenye fedha ya robo ya betri haendi popote. Hapa ndipo taa ilipoishinda mashine: taa na betri yake ndogo ni ununuzi ambao watu wengi waliweza kuumudu, mashine ya umeme siyo.

Ziwa Victoria limeonyesha njia moja. Upande wa Kenya, taasisi ya WeTu imekuwa ikikodisha taa za uvuvi zilizochajiwa kwa jua, ambazo wavuvi huchukua jioni na kurudisha asubuhi. Kampuni ya ASOBO imepeleka mtindo wa namna hiyo kwenye mashine za umeme za boti. Betri inabaki mali ya kampuni, na mvuvi analipia matumizi, karibu kama alivyozoea kulipia dumu. Jijini Kigali, Ampersand hufanya vivyo hivyo kwa pikipiki: dereva hubadilisha betri iliyoisha kwa iliyojaa na kuendelea na kazi.

Mtindo huo ukija Kalemie utalazimika kufuata kalenda ya ziwa. Mwezi ukiwa mpevu, wavuvi wa taa hupumzika kwa siku kadhaa kwa kuwa ndakala hawafuati taa. Miezi ya kufunga uvuvi nayo haina mapato. Mkopo unaodai malipo sawa kila mwezi utamwangusha mvuvi. Kituo kinachotegemea boti pekee nacho kitalala njaa siku hizo, isipokuwa umeme wake uuzwe pia kwa mashine za kusaga, barafu ya samaki na pikipiki za mjini.

Jiwe linaondoka, betri inarudi

Betri ya uniti 25 ina kama kilo tatu za lithiamu. Manono ina mwamba wa kutengeneza betri kwa mamilioni. Lakini haki ya kuuchimba imekuwa mgogoro kati ya kampuni ya AVZ Minerals ya Australia, shirika la serikali ya Kongo Cominière, na Zijin ya China, hadi mashauri yakafikishwa mbele ya wasuluhishi wa kimataifa. Aprili 2022 Kongo na Zambia zilisaini makubaliano ya kushirikiana katika kutengeneza betri badala ya kuuza madini ghafi pekee. Kutoka kwenye karatasi hadi kiwandani ni safari ndefu, na inahitaji umeme mwingi kuliko ule ambao jimbo la Tanganyika linao.

Hapo ndipo mambo mawili yanakutana. Umeme ambao Kalemie inauhitaji ili boti ziache petroli ndio uleule ambao Manono inauhitaji ili lithiamu isiondoke kama jiwe. Jimbo likizalisha umeme zaidi kwa ajili ya mgodi tu, ufukwe utabaki na madumu. Likipanga njia za umeme, vituo vya jua na masharti ya mgodi kwa pamoja, sehemu ya thamani ya madini hayo inaweza kuonekana katika maisha ya watu wanaoishi juu yake.

Kongo imeahidi kimataifa kupunguza gesi zake za joto kwa asilimia 21 ifikapo mwaka 2030. Boti za Kalemie ni sehemu ndogo sana ya hesabu hiyo, na hakuna atakayeokoa tabianchi ya dunia kwa kubadilisha mashine za wavuvi wa ndakala. Faida yao ni ya karibu zaidi: fedha ya lita 2,100 kwa mwaka kwa kila boti, na samaki ambaye bei yake haipandi kila meli ya mafuta inapochelewa Kigoma.

Mwanzo wake hauhitaji mgodi wala bwawa jipya. Kituo kimoja cha paneli, betri 20 za kukodisha na boti 20 zinazovua karibu na mji vingetosha kuonyesha, ndani ya msimu mmoja, kama hesabu za karatasi zinasimama juu ya maji.